Pima kichwa kwanza, boksi utakata baadae: mwongozo wa helmeti ya igizo

Kwaresma ikishaanza tu huku Mwanza vijana wa parokiani wanaanza kuzunguka madukani kuomba maboksi, maana Njia ya Msalaba ya kuigiza inataka askari wa Kirumi na askari wa Kirumi anataka helmeti. Mimi huwa nawasaidia hiyo kazi, na kinachoniuma ni kuona kitu kimetengenezwa safi kabisa, dhahabu inawaka, shungi jekundu limesimama juu, halafu siku yenyewe haipiti masikioni, au inapita ila inacheza, askari anageukia kulia helmeti imebaki inaangalia mbele. Kazi ya wiki nzima inaharibika kwa sababu mtu alianza na mkasi kabla ya futi. Kwa hiyo naandika hapa namna ya kupima kichwa na namna ya kukuza au kupunguza pateni, yaani mchoro wa karatasi wa kukatia vipande, mpaka ikae. Ukishaielewa utaitumia kwa chochote, iwe roboti ya mtoto kwa ajili ya mahafali ya chekechea au kichwa cha simba cha kwenda nacho uwanjani Kirumba.

Kabla hatujaenda mbali: hii ni kofia ya maonyesho, ni boksi na sponji. Isivaliwe kwenye bodaboda hata kwa safari ya Buzuruga mpaka Igoma, haikingi kitu.

Vitu vya kuwa navyo

Futi laini ya fundi cherehani, rula ya chuma au ya mbao, penseli, karatasi ya kuandikia namba, vitabu viwili vyenye jalada gumu, na mtu mmoja wa kukupima. Huyo mtu ni muhimu, kujipima mwenyewe kisogoni huoni futi imekaa wapi, mara nyingi inakuwa imeteleza chini na we hujui.

Futi ikiwa imetumika miaka mingi inavutika, hivo ilaze juu ya rula uone kama 30 ya futi inakutana na 30 ya rula. Zisipokutana azima nyingine. Na tumia upande wa sentimita mwanzo mpaka mwisho, usichanganye na inchi, maana huyu anakutajia 22 na yule anakutajia 57 na wote wamepima kichwa cha ukubwa uleule. Kama huna futi kabisa tumia uzi halafu uupime kwenye rula. Huku ziwani nyumba nyingi hazikosi uzi wa kushonea nyavu, ule wa kusokota unafaa, ila mshipi wa nailoni unaong'aa achana nao kwa sababu ukiubana unavutika kidogo na namba inatoka ya uongo.

Hatua ya 1: kichwa kiwe kama kitakavyokuwa siku hiyo

Hili watu wanalipita haraka sana. Kama siku ya igizo utakuwa umesuka, pima umesuka. Kama utanyoa, nyoa kwanza ndo upime. Dada mwenye rasta akizikunja na kuzifunga nyuma kisogo kinaongezeka sentimita kadhaa, na helmeti inakosa pa kukaa inapanda juu kama kifuniko cha sufuria kisichoenea, kwa hiyo au umpime hivohivo akiwa amezifunga au mkubaliane atazilaza chini shingoni zitokee nje. Anayevaa kilemba au mtandio ndani apimwe navyo. Anayevaa miwani asiivue, mikono ya miwani inaongeza upana hapo juu ya masikio na ikibanwa na boksi nusu saa tu anaumwa kichwa.

Hatua ya 2: mzunguko

Futi ipite sentimita 1 hadi 2 juu ya nyusi, ipite juu ya masikio bila kuyagusa, halafu nyuma ipite pale kisogo kilipotokeza zaidi. Hapo nyuma ndo penye kazi. Mwambie unayempima atulie, pitisha kidole kutoka shingoni kwenda juu, utasikia mfupa unatoka nje halafu unaanza kurudi ndani, futi ikae pale kwenye kilele. Ibane kiasi cha kulaza nywele tu, isizame kwenye ngozi. Pima mara 3, kila mara futi ukiitoa na kuirudisha, na uandike namba kubwa kuliko zote, sio ya katikati, kwa sababu helmeti iliyozidi kidogo inajazwa na sponji ila iliyopungua haina dawa.

Watu wazima wengi wanaangukia kati ya 54 na 60. Ukipata 49 kwa mtu mzima au 66 kwa asiye na rasta, rudia, futi ilikuwa imekaa vibaya.

Hatua ya 3: upana, na urefu wa mbele kwenda nyuma

Mzunguko peke yake hautoshi. Watu wawili wana 57 wote, mmoja kichwa ni cha mviringo, mwenzie kimerefuka kwenda nyuma na kisogo kimetoka, ukiwapa helmeti moja huyu wa pili inambana paji la uso na kisogoni huku pembeni kidole kinapita.

Upana: akae kwenye kiti, weka kitabu kimoja kila upande wa kichwa juu kidogo ya masikio, vitabu visimame wima na viwe sambamba, visukume taratibu mpaka viguse, halafu mtu mwingine apime kwa rula kutoka kitabu hadi kitabu. Wengi wanakuwa na 15 hadi 16.

Mbele na nyuma: asimame kisogo kikigusa ukuta, macho yaangalie mbele, kidevu kisiinuke. Leta kitabu mpaka kiguse paji la uso, pima kutoka ukutani mpaka kwenye kitabu. Halafu usiondoke, leta tena kitabu kiguse ncha ya pua na upime. Hii ya pua iandike pembeni kwa herufi kubwa, tutaihitaji kwenye helmeti za kufunika uso.

Sasa kuna njia nzuri ya kujikagua. Jumlisha upana na urefu wa paji mpaka kisogo, zidisha kwa 1.57. Mfano upana 16 na urefu 20, jumla 36, mara 1.57 ni 56.5. Kama mzunguko wako ulikuwa 57 uko salama. Zikipishana zaidi ya sentimita 3 hivi kuna kipimo kimoja umekosea, na kwa kawaida ni upana, vitabu vilikuwa vimeinama.

Hatua ya 4: kimo cha kichwa na macho yako wapi

Bado yuko ukutani. Weka kitabu juu ya utosi kikiwa kimelala sawa, piga alama ukutani kwa penseli. Kitabu kingine chini ya kidevu, alama nyingine. Umbali kati ya hizo alama ndo kimo, tuseme 23. Halafu alama ya tatu usawa wa mboni za macho. Wengi wanadhani macho yako juu, kumbe yako karibu nusu ya kichwa, ukipata kimo 23 macho yatakuwa kama 11 au 12 kutoka utosini. Ndo maana helmeti nyingi za nyumbani zinakuwa na matundu ya macho yanayoangukia kwenye nyusi, mvaaji anatembea kainua kidevu siku nzima. Na umbali wa mboni kwa mboni pima pia, kwa mtu mzima unazunguka 6 hadi 6.5.

Kwa helmeti ya Kirumi ongeza kimoja: kutoka juu ya sikio mpaka pembe ya taya, kwa sababu ya vile vipande viwili vya kukinga mashavu. Vikizidi urefu vinagonga mabega kila akiinama.

Hatua ya 5: unene, hapa ndo penye siri yote

Naomba hapa usome taratibu. Kichwa ni 57, hivo mtu anakata mkanda wa boksi wa 57, anaunganisha, haiingii. Analaumu futi. Futi haina kosa, ila kuna vitu viwili vinakula nafasi na hakuvihesabu.

Cha kwanza ni sponji ya ndani. Lazima iwepo, bila sponji boksi linachubua paji la uso na jasho la huku kwetu linalilainisha. Sponji ya sentimita 1 ikizunguka kichwa chote haiongezi sentimita 1 kwenye mzunguko, wala haiongezi 2. Inaongeza 6.3. Sababu ni kwamba kila upande duara linasogea nje kwa 1, upana wote unaongezeka 2, na mzunguko ni upana mara 3.14. Kwa hiyo kumbuka hivi: unene wa sponji mara 6.28, jibu unaongeza kwenye mzunguko. Sponji ya nusu sentimita inaongeza 3.1.

Kwa mfano wetu, 57 na sponji ya 1, ndani ya gamba, yaani boksi au foam yenyewe ya nje, pawe 63.3.

Cha pili ni unene wa gamba lenyewe, na hapa boksi na foam hazifanani. Boksi ukilikunja, karatasi ya nje haivutiki hata kidogo, ya ndani ndo inajikunyata, kwa hiyo urefu uliokata unabaki nje na ndani panapungua. Unaongeza unene mara 6.28 tena. Boksi nene la tivii lina kama 0.4, mara 6.28 ni 2.5. Kwa hiyo kata 63.3 na 2.5, inakuja 65.8, halafu acha na sentimita 2 za kupandishia gundi. Foam yenyewe, ile ya mikeka ya watoto ya kuunganisha kama fumbo, nje inavutika na ndani inabanwa, zinagawana, hivo unaongeza nusu yake, unene mara 3.14. Foam ya sentimita 1 unaongeza 3.1 tu.

Angalia sasa: kichwa 57, mkanda wa boksi unaokatwa karibu 66. Sentimita 9 za tofauti. Ndo hizo zinazowaliza watu.

Na boksi likate mifereji yake ya ndani ikiwa imesimama wima, yaani kutoka shingoni kwenda utosini. Hivo linajikunja vizuri kuzunguka kichwa. Ukilikata mifereji imelala, linavunjikavunjika na kufanya pembe, na kila pembe inaiba nafasi.

Hatua ya 6: kukuza pateni

Ukiwa umechukua pateni ya mtu mwingine, tafuta kipande kinachozunguka paji la uso na ukipime urefu wake. Chukua namba unayoitaka, gawanya kwa ya pateni, zidisha kwa 100. Sisi tunataka 65.8, pateni ina 56, jibu 117.5. Nenda stesheneri mwambie kijana wa fotokopi akuze kwa asilimia 118, usimwambie "ikuze kidogo", mashine yake inapokea namba kamili. Kutoka A4 kwenda A3 peke yake ni asilimia 141, sasa ukimwachia aamue mwenyewe atakupa hiyo maana ndo wanayoizoea, na utaondoka na helmeti ya kuvaa watu wawili.

Kama anaprinti kutoka kwenye simu yako, mwambie asiweke ile ya kuijaza karatasi, aweke asilimia 100 kwanza, kukuza kutafanyika kwenye fotokopi, kwa sababu kompyuta inaweza kupunguza kurasa yenyewe kimyakimya. Dawa ni kuchora mraba wa sentimita 5 pembeni ya pateni kabla ya kuituma. Karatasi ikitoka pima mraba. Ukisoma 4.8 usikubali kulipa, aprinti upya.

Ukikuza kwa 118 boksi linalohitajika haliongezeki asilimia 18, linaongezeka karibu 40, kwa sababu urefu na upana vyote vinakua. Omba boksi la ziada mapema.

Wanaotumia programu ya Pepakura Designer ya Wajapani, yenyewe inakuuliza kimo cha kitu kizima kwa milimita, na watu wanajaza kimo cha kichwa chao. Kama helmeti ina pembe au shungi, kimo cha kitu kizima kinahesabu na hizo pembe, kwa hiyo sehemu ya kichwa inabaki ndogo. Pima kwenye modeli nafasi ya ndani pale kwenye paji, fanya hesabu ileile ya kugawanya, halafu ukuze vyote kwa pamoja.

Ukishakuza, rudi kwenye vipimo vyako vingine uviangalie. Ikitokea mzunguko umekaa ila kimo kimezidi, usipunguze pateni nzima tena, punguza ukanda wa chini wa kuzunguka. Ikipungua upana, ongeza kipande nyuma katikati, hapo hata padri hatapaona.

Hatua ya 7: mifupa ya majaribio

Kabla ya kugusa boksi zuri, tengeneza mifupa kwa boksi baya la aina hiyohiyo na unene huohuo. Mkanda mmoja wa kuzunguka, mkanda wa pili kutoka sikio hadi sikio kupita utosini, wa tatu kutoka paji hadi kisogo. Shika kwa selotepu, bandika na sponji ndani, vaa. Sasa usisimame tu mbele ya kioo. Inama uangalie vidole vya miguu, geuka kulia na kushoto kwa haraka, piga magoti, ongea kwa sauti. Njia ya Msalaba huku kwetu inapanda vilima, na mitaa ya miamba askari anatembea akiangalia chini asijikwae, helmeti inayokaa vizuri mtu akiwa wima inaweza kumwangukia usoni kwenye jiwe la kwanza. Ikicheza, ongeza sponji kisogoni kwanza kabla ya pembeni, na weka utepe wa kufunga chini ya kidevu.

Helmeti ya kufunika uso mzima

Hapa kinachoamua ni tundu la shingo. Kichwa kinapoingia kutoka chini, sehemu ndefu inayopita ni pua mpaka kisogo, ile namba uliyoiandika kwa herufi kubwa. Tuseme 22. Tundu likiwa 20 hutaingia hata mzunguko wa paji uwe umepigwa vizuri namna gani. Weka tundu la 23 au 24, au kama umbo halikuruhusu, kata helmeti vipande viwili kipande cha nyuma kifunguke na kushikwa kwa velkro, mafundi cherehani wanakuwa nayo. Ndani mbele ya pua acha sentimita 2 za hewa. Tundu la jicho lipime kutoka ndani juu: utosi mpaka jicho 11.5, sponji ya juu 1.5, kwa hiyo katikati ya tundu ni 13. Toboa na sehemu ya mdomo vizuri, joto la ndani ni kali, na mtoto asikae nayo muda mrefu.

Watoto

Mtoto wa darasa la kwanza anakufika kiunoni ila kichwa chake sio nusu ya chako. Wengi wako 50 hadi 53. Ukichukua pateni ya mtu mzima ukaipunguza asilimia 50 unapata helmeti ya mdoli. Kutoka 57 kwenda 52 ni kushuka mpaka asilimia 91 hivi. Fanya hesabu kwa mzunguko baada ya kuongeza sponji, kama tulivyofanya juu, kwa sababu sponji haipungui mtoto akipungua.

Mkiwa kundi

Askari kumi na wawili huwezi kumkatia kila mtu pateni yake. Pima wote, andika jina na mzunguko, halafu tengeneza saizi tatu: ya 55, ya 58 na ya 61. Kila mtu apewe saizi inayomzidi, kamwe isiyomtosha, na tofauti inamalizwa na sponji, kwa sababu nusu sentimita ya sponji inaziba 3.1 ya mzunguko, ambayo ndo tofauti ya saizi na saizi. Andika saizi ndani ya kila helmeti kwa makapeni, mwakani hamtapima upya magamba.

Anayeigiza akida mpe saizi yake kamili bila kubahatisha, kwa sababu shungi lake linakingama kutoka sikio hadi sikio badala ya kwenda mbele na nyuma, na hilo likiwa zito linaipindua helmeti pembeni. Shungi la brashi ya ufagio ni zuri ila punguza mbao yake, chomoa nyuzi zenyewe uzibandike kwenye ukanda wa boksi.

Mwisho ni rangi. Ijumaa Kuu inaangukia kati ya tarehe 20 Machi na 23 Aprili, na huo ni msimu wa masika, kwa hiyo paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji nje na ndani, ikauke, ndo uje na rangi ya mafuta. Sponji ibandikwe baada ya rangi kukauka kabisa, na kama umetumia gundi ya viatu fanyia kazi nje penye upepo na uache helmeti mpaka harufu iishe yote kabla mtu hajaiingiza kichwani.